Chumba Kisicho na Mtu ni cha Nani?
Maneno juu ya sinema ya nyumbani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) na ahali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: ndugu zetu wa Kariakoo, wa Gerezani na wa Kisutu wamelikariri sana suala hili siku hizi, hatta imekuwa hapana budi kulijibu kwa kalamu. Mtu ana nyumba yake, na katika nyumba hiyo mna chumba kisicho na mtu. Mtoto aliyekuwa akilala humo ameoa na kuhama, au bibi mzaa mama amekwenda mbele ya haki. Sasa vijana wa nyumba wataka chumba kile kigeuzwe kuwa sinema: ukutani pazia jeupe, juu projekta, pembeni spika tano, na sakafuni sabufa, madirisha yazibwe, kuta zipakwe rangi ya giza, viti vipigiliwe mistari miwili. Mwenye nyumba auliza: Je, yafaa?

Watu wa baraza wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lasema ni haramu tangu mwanzo hatta mwisho, na mwenye kuingia humo amekwisha kuingia katika nyumba ya Ibilisi. Fungu la pili lasema nyumba ni yangu, fedha ni zangu, mlango wangu nimeufunga. Basi nani ana neno? Nasi twaona ya kuwa mafungu yote mawili yamekosea, kwani la kwanza limekitazama chombo likaacha kuwatazama watu, na la pili limeitazama milki likasahau ya kuwa katika milki mna haki za wengine.

Na tuanze na fungu la kwanza. Imethubutu katika Bukhari na Muslim ya kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume siku ya Idi, naye Mtume (S.A.W.) akamsimamia Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, akitazama kutoka nyuma yake, wala hakumwondoa mpaka alipotosheka mwenyewe. Basi kutazama mchezo, kwa dhati yake, si dhambi. Lau lingekuwa dhambi lisingefanyika mahali pale wala mbele ya macho yale. Na juu ya picha za kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, aliandika risala nzima akieleza ya kuwa kazi ya kamera ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Mungu amekwisha kukiumba, wala si kuumba sura mfano wa maumbile Yake. Wako waliomkhalifu, na hitilafu hiyo ni maarufu. Lakini mtu hawezi kuisimamia hitilafu ya wanazuoni akaiita ijmai.

Chombo hufuata hukumu ya kilichomo. Kikombe cha maji ni halali na kikombe cha tembo ni haramu, na mfinyanzi wao ni mmoja. Uchi usiofaa kutazamwa katika kioo cha simu chenye upana wa vidole vinne haugeuki kuwa halali kwa kutandazwa ukutani; na khabari za Hijja, au safari za baharini, au mpira wa Simba na Yanga, hazigeuki kuwa haramu kwa kukuzwa. Na zumari na nyuzi, kauli inayotegemewa katika madhhabu yetu ya Imamu Shafii ni kuwa zimekatazwa. Imamu Ghazali katika Ihya ana maelezo marefu yenye kupambanua, na mwenye kutaka na ayasome kwa mwalimu. Hayo yote ni mambo ya kinachoonyeshwa, na kila mwenye nyumba ataulizwa juu ya alichokiingiza.

Tena yapasa tuseme haki: katika sinema ya nyumbani mna kheri ambayo wazee wetu hawakuipata. Zamani za Waingereza, na hatta baada ya uhuru wa mwaka 1961, mwenye kutaka kutazama filamu Dar es Salaam alikwenda Empire, au Avalon, au Odeon, akaketi gizani na asiowajua. Televisheni Bara haikuanza mpaka mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilitangulia kwa miaka kadiri ya 20. Katikati hapo zikaja kanda za video, yakaja na mabanda ya mitaani ambayo watu wameyaita vibanda umiza, mtoto huketi humo juu ya benchi baina ya wavuta sigara, na anayeonyesha hajali yuko nani mbele yake. Basi mzazi akiwakusanya wanawe nyumbani, akachagua mwenyewe wanachokitazama, akaketi pamoja nao na kuwaeleza lipi zuri na lipi ovu, huyo amefanya jambo jema. Wala hatuwi miongoni mwa wenye kumwambia mtu kuwa furaha ya watoto wake ni uasi.

Sasa tuligeukie fungu la pili, lile lisemalo: chumba changu, mlango nimeufunga. Twawauliza: mlango mmeufunga kwa mtu, je, mmeufunga kwa sauti?

Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho hapana mwanafunzi wa pwani asiyekijua, amelinena jambo hili kana kwamba alisimama Mtaa wa Sikukuu. Asema maana yake ya kuwa kila mtu hutumia milki yake kwa kadiri ya ada, na akipindukia ada basi hudhamini kilichoharibika. Kisha ataja nyumba iliyozungukwa na maskani ya watu, mwenyewe akataka kuifanya hamamu au zizi la wanyama, au mwenye duka katika soko la nguo akataka kulifanya duka la mhunzi. Kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yajuzu, kwa sharti: awe amechukua hadhari, na kuta ameziimarisha.

Litazameni sharti hili, kwani ndani yake mna fiqhi nzima ya chumba cha sinema. Fakihi hakumwambia mhunzi aache kazi, wala hakumwambia jirani avumilie tu. Amemwambia mhunzi: gharama ya ukuta ni yako, kwa kuwa wewe ndiwe uliyezua nyundo.

Na sauti ya sabufa ina khabari yake mbali na sauti ya maneno. Maneno huzuiwa na mlango mzito na pazia nene. Lakini mvumo ule wa chini, ambao mitetemo yake ni kama 40 kwa sekunde moja, wimbi lake lina urefu wa kadiri ya mita 8 na nusu, yaani ni refu kuliko chumba chenyewe. Kwa hiyo zulia halilizuii, na sponji zibandikwazo ukutani hazilizuii, maana hizo humeza sauti nyembamba tu. Mvumo hupita katika zege na matofali na nguzo, ukatokea chumba cha pili hauna neno ndani yake wala wimbo, ni kishindo tu. Mwenye sinema husikia kisa kizima. Jirani yake husikia mapigo matupu, kama mtu agongaye ukuta asitake kuingia. Ndiyo sababu mwenye nyumba huapa kuwa sauti si kubwa, na jirani huapa kuwa hakulala, na wote wawili wasema kweli.

Zamani nyumba za Kariakoo zilikuwa za ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma na baraza mbele. Na baina ya nyumba na nyumba palikuwa na kichochoro. Leo viwanja vingi vile vimeota maghorofa. Ukuta wako ni ukuta wa mwenzio, na sakafu yako ni dari ya mtu usiyemjua jina. Ujirani haukupungua kwa ghorofa; umezidi, kwa kuwa umeongezwa jirani wa juu na jirani wa chini. Nanyi mwajua ya kuwa Jibrili (A.S.) hakuacha kumuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani mpaka Mtume akadhani kuwa atamrithisha.

Watasema baadhi ya watu: Kariakoo ni soko, kelele ndiyo ada yake, wachukuzi na mikokoteni tangu alfajiri, wauza nguo na vipaza sauti vyao, magari na pikipiki, harusi na vigodoro, basi sabufa yangu imezidisha nini? Twajibu: kelele ya soko ni ya riziki, wote hushirikiana katika faida yake, na usiku hutulia. Kishindo cha ukutani saa 6 za usiku ni cha starehe ya nyumba moja, na udhia wake ni wa nyumba nyingine. Ada inayotazamwa katika sharia ni ada ya mahali na ya wakati pamoja. Wala sisi wa misikiti hatujitoi katika hukumu hii: adhana ni alama ya dini na ni fupi, lakini darasa la saa nzima lirushwalo nje kwa kipaza sauti usiku, na mgonjwa yuko dirishani, nalo litapimwa kwa mizani hii hii. Na serikali nayo imeweka kanuni za kelele na mitetemo mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004. Lakini mwenye kungoja mpaka aitwe na wasimamizi wa mazingira ndipo amkumbuke jirani, huyo amekwisha kuchelewa mbele ya Mungu.

Njia ya kufanya ni nyepesi. Sabufa isikae juu ya sakafu tupu wala isiegemee ukuta wa shirika. Mianya ya mlango na madirisha izibwe. Na baada ya sala ya Isha mvumo ule upunguzwe au uzimwe kabisa. Kisha mwenye nyumba amwache mwanawe acheze filamu kwa sauti aliyoizoea, naye mwenyewe apige hodi kwa jirani, akaketi chumbani kwake kwa ruhusa yake, asikilize. Hapo ndipo atakapojua kama ukuta wake umeimarika. Hakimu wa jambo hili ni sikio la jirani.

Tumebakisha jambo lenyewe, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Limesemwa katika suala: chumba kisicho na mtu. Nasi twauliza: je, kweli hakina mtu?

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir, radhi za Mungu ziwe juu yake, hadithi ambayo Mtume (S.A.W.) amehesabu humo malalo ya nyumba: lalo moja ni la mume, na moja la mkewe, na la tatu ni la mgeni, na la nne akalihesabu kuwa ni la shetani. Wanazuoni wameeleza ya kuwa hilo la nne ni lile lililopita haja, lililotandikwa kwa fahari. Basi fikirini: mgeni amehesabiwa katika nyumba kabla hajafika, kabla hajajulikana jina. Lalo lake si ziada. Ziada ni linalokuja baada yake.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili kwa matendo. Waungwana wa Lamu walikuwa na sabule yao kwa ajili ya wageni; na katika nyumba za Dar es Salaam, hatta za makuti na udongo, hapakukosekana kitanda cha kamba cha atakayeshuka kutoka Kilwa au Mafia au Rufiji. Mji huu umejaa kwa sababu hiyo: wengi wetu babu zetu walipokewa katika chumba cha mtu.

Wala msidhani mambo hayo yamekwisha. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa wa Dar es Salaam, na kila siku huingia wengine. Miongoni mwao wamo wanaokuja si kwa biashara bali kwa maradhi. Katika Ocean Road, pale palipojengwa na Wajerumani na leo pana Taasisi ya Saratani, wako wagonjwa wapewao tiba ya mionzi, ambayo hutolewa siku tano katika wiki, kidogo kidogo, na huenda ikachukua wiki tano au sita au saba. Kila siku ni dakika chache tu, kisha mgonjwa huambiwa aende, arudi kesho. Aende wapi? Kwao ni Liwale au Newala au Masasi. Nauli ya kurudi kila siku hapana, na nyumba ya wageni yataka fedha kila usiku. Yuko mama wa makamo, ngozi imeungua kwa mionzi, tumbo halitulii, ana mpwawe Kariakoo. Yule mpwa ana chumba. Chumba kile hakina dirisha tena, kuta nyeusi, viti vimepigiliwa, na mlangoni vijana wamebandika saa za mpira.

Je, mpwa huyo amefanya haramu? Hatusemi hivyo, kwani hatuna ruhusa ya kuzidisha katika dini. Kumkirimu mgeni kwa Imamu Shafii na Malik na Abu Hanifa ni sunna; na Imamu Ahmad na Layth wamesema siku moja na usiku wake ni wajibu. Illa mgonjwa huyu si mgeni tu, ni jamaa, na kuunga udugu si jambo la khiari. Naye mpwa hakumfukuza shangazi yake. Hapana mtu afanyaye hivyo. Amefanya tu kwamba shangazi akipiga simu, asikie upande wa pili ukimya kidogo kabla ya jawabu. Na mwenye haja huuelewa ukimya ule haraka kuliko maneno. Atasema, usijali mwanangu, nitapata mahali. Basi mlango umefungwa, wala hapana aliyeufunga.

Watasema: chumba kikae kitupu mwaka mzima kwa kumngoja mtu ambaye labda haji? Huko si kuiharibu neema? Hoja hii ina nguvu, wala hatuipuuzi. Chumba kisichofunguliwa huliwa na mchwa na unyevu, na watoto wa nyumba nao ni watu, wana haki. Kwa hiyo hatusemi kiachwe kitupu. Twasema kitumiwe kwa namna ambayo mgeni akija, vitu ndivyo vitakavyoondoka, asiondoke yeye. Pazia liwe la kukunjwa, dirisha libaki dirisha, viti viwe vya kuhamishwa au mikeka na mito, na kitanda kiwepo hapo hapo, mchana kikaliwe na watazamaji. Vijana waambiwe tangu siku ya kwanza, kabla fedha haijatoka: chumba hiki ni cha mgeni, sisi tumekiazima. Tofauti ya vyumba hivi viwili kwa gharama ni ndogo. Lakini kimoja mgeni hukiomba, na cha pili mgeni hukirudishiwa.

Tena iko hadithi ya Abdallah bin Amr, katika Bukhari, naye alikuwa akifunga mchana kutwa na kusimama kuswali usiku kucha. Mtume (S.A.W.) alimkataza kuzidisha, akamweleza ya kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mkewe ana haki, na wageni wake wana haki. Ajabu iliyoje! Aliyeambiwa hayo hakuwa katika pumbao, alikuwa katika sala. Ikiwa ibada ya sunna haikuachiwa kula haki ya jicho na haki ya mgeni, basi filamu itaachiwaje? Hicho ndicho wanazuoni wakiitacho kiasi kilicho awla, na hoja yake haihitaji marefu.

Na haki ya jicho ni usingizi. Mtume (S.A.W.) alichukia mazungumzo baada ya Isha, na wanazuoni wetu wametoa katika karaha hiyo mambo ya kheri, kama kusoma ilimu, na kuzungumza na mgeni, na kuwaliwaza watu wa nyumbani. Mpira wa Ulaya huanza kwetu saa 4 za usiku au saa 5, ukaisha karibu na saa 6 au saa 7. Na chumba kisicho dirisha hakimwonyeshi mtu kuwa usiku umekwenda. Mwenye kukesha humo akaipoteza Alfajiri kila wiki, huyo hatuna haja ya kumtafutia dalili, dalili yake ni msikiti wa mtaani kwake unaomkosa.

Neno la mwisho ni la fedha. Mwenye nacho kutumia katika halali yake si dhambi. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan amewasifu waja Wake kuwa hawapindukii wala hawabani, bali hushika katikati. Kipimo si bei ya projekta. Kipimo ni kile kilichoachwa ili inunuliwe: deni la watu, zaka iliyowajibika, dawa za mzazi, ada ya mtoto. Na mwenye kuichukua kwa mkopo wa riba ameingiza haramu nyumbani kabla ya picha ya kwanza kuonekana.

Basi jawabu letu kwa muulizaji, kwa ufupi, ndilo hili. Chumba cha sinema chajuzu, ikiwa kinachoonyeshwa ni halali, na fedha yake ni halali, na sala hazipotei, na ukuta umeimarishwa mpaka jirani mwenyewe aseme amelala. Na juu ya hayo yote, kitanda cha mgeni kisitoke. Kabla hujamwita fundi, kaa peke yako katika chumba kile, na uwahesabu jamaa zako walio mashamba na visiwani, mmoja mmoja kwa jina, ujiulize ni nani kati yao anayeweza kuugua mwaka huu. Ukimpata hatta mmoja, basi umemjua mwenye chumba.

Mwenyezi Mungu atupe nyumba zenye nafasi, na nyoyo zenye nafasi kuliko nyumba, na awaponye wagonjwa wetu na awarudishe makwao salama. Amin. Wabillahi ttawfiq.